Je, kanuni za misitu zitungwe kwa kuamini kwamba miti hulishana kupitia kuvu?

Mwanzisha mada

Wadau, kila mjadala wa ukataji miti unapofunguliwa nakutana na hoja hii: mti mkubwa usikatwe kwa sababu ni mama, na huko chini ya udongo anawalisha wanawe kwa nyuzi za kuvu. Naomba tuibishanie kwa uwazi, maana siku hizi haiishii kwenye masimulizi ya wapenda misitu. Inatolewa kama sababu ya kuandika kanuni za uvunaji.

Msimamo wangu nautanguliza. Kuvu ni nguzo ya ukuaji wa msitu, hilo sina shaka nalo hata chembe. Lakini habari ya mama anayelisha wanawe haijathibitishwa, na kanuni isiegemezwe hapo.

Ushirika wenyewe haubishaniwi. Mwaka 1885 Mjerumani Albert Bernhard Frank, aliyekuwa amepewa kazi ya kuchunguza namna ya kuotesha uyoga wa thamani unaokua chini ya ardhi, aliona ncha za mizizi ya miti zimevikwa koti la kuvu, na miti yenyewe haiumwi. Akauita ushirika huo mikoriza, yaani kuvu-mzizi. Mti hutoa sukari. Kuvu huleta fosforasi, nitrojeni na maji, kwa kuwa uzi wake ni mwembamba kuliko kinyweleo cha mzizi na hupenya pale mzizi usipofika. Ni mapatano ya kale kweli. Kwenye mawe ya Rhynie, Scotland, yenye umri wa miaka milioni 400 hivi, kuna visukuku vya mimea isiyo hata na mizizi kamili, na ndani yake kuvu tayari wamo.

Ubishi unaanzia mwaka 1997. Suzanne Simard na wenzake, huko British Columbia nchini Kanada, waliipa miche ya aina mbili kaboni yenye alama, yaani inayoweza kufuatiliwa inakokwenda: mibetula, na miti ya jamii ya misonobari iitwayo Douglas. Kaboni ikaonekana kuvuka kutoka mche hadi mche, na Douglas ikabaki na ziada, hasa ilipowekewa kivuli. Ni kazi nzuri, naiheshimu. Ila wengi wanaoitaja hawasemi kwamba mwerezi uliopandwa kando, ambao haushiriki kuvu wa aina hiyo, nao ulipata kaboni kidogo. Maana yake sehemu fulani ilipita kwenye udongo tu, bila kupitia uzi wowote.

Wa kitaluni

Ndugu, mimi sibishani na maabara, nasema nilichokiona. Tuliwahi kuotesha misonobari kwenye udongo mpya kabisa, tukaipa maji na kivuli vizuri. Ikaota, ikafika urefu wa kidole, ikageuka njano na kudumaa. Mzee mmoja akatuambia tuchote udongo chini ya misonobari iliyokomaa, tuuchanganye. Baada ya miezi michache miche ilibadilika mpaka ukadhani ni mbegu nyingine.

Baadaye nikasoma kwamba Puerto Rico walihangaika hivyohivyo kwa miaka mingi, misonobari ikigoma, hadi miaka ya 1950 walipoleta udongo wenye kuvu wake. Kwa hiyo mtu akiniambia kuvu ni hadithi, simsikilizi.

Mwanzisha mada

Na mimi nisingemsikiliza, mkuu. Ushuhuda wako ni wa mche kupata kuvu wake wenyewe, na huo naukubali wote. Ninachokipinga ni hatua ya pili, kwamba mti mmoja humpelekea mwenzake chakula kupitia kuvu hao, na kwamba ndicho kinachokuza msitu. Haya mawili yanachanganywa kila siku, na la kwanza linamkopesha la pili heshima isiyo yake.

Mtetezi wa miti mikongwe

Unabana sana. Mwaka 2010 watafiti walichora ramani ya kipande cha mita 30 kwa 30 katika msitu wa Douglas wakitumia vinasaba. Miti 67, na mmoja mkubwa umeunganika na mingine 47 kupitia kuvu. Mwaka 2016 kule Uswisi, Klein na wenzake waliipa miti ya sprusi yenye urefu wa mita 40 hivi kaboni yenye alama, wakaikuta kwenye mizizi midogo ya majirani wa aina nyingine kabisa. Pia kuna Monotropa, mmea mweupe usio na kijani hata kidogo. Hauwezi kujitengenezea chakula, na sukari yake yote hutoka kwenye miti kwa njia ya kuvu. Kwa hiyo njia ipo na inapitika.

Na mti mkongwe ukishakatwa haurudi katika maisha yetu. Kama hatuna uhakika, tuuache usimame.

Mwanzisha mada

Monotropa ni hoja yako bora, na ndiyo inayonitia wasiwasi. Mmea ule haupewi, unaiba. Unaonyesha kaboni inaweza kupita. Hauonyeshi kwamba mti humlisha jirani kwa hiari.

Uswisi, kaboni iliishia kwenye mizizi midogo. Ni ile iliyovikwa kuvu, kwa hiyo huenda kaboni ilibaki kwa kuvu mwenyewe. Je, iliingia kwenye mbao za jirani, ikamkuza? Hapo ndipo swali lilipo. Mwaka 2023 Justine Karst, Melanie Jones na Jason Hoeksema walipitia majaribio ya msituni moja baada ya jingine, wakaona madai yamezidi ushahidi, na ramani za mitandao hiyo zimechorwa katika misitu michache mno. Jones, tafadhali zingatieni, ni miongoni mwa walioandika ile kazi ya 1997. Mtu kurudi kupima kwa ukali jambo aliloshiriki kulianzisha, mimi namvulia kofia.

Tena kuna upande ambao hausimuliwi. Katika misitu ya kaskazini mwa Sweden, penye nitrojeni haba, watafiti walionyesha mwaka 2013 kwamba kuvu wanaweza kuing'ang'ania nitrojeni wao wenyewe na kuuacha mti na njaa zaidi. Kuvu ni kiumbe chenye maslahi yake. Anauza.

Mwalimu wa biolojia

Naona mnavutana juu ya mtandao huku mkisahau swali lenye uzito zaidi: ni kuvu gani? Wapo wanaoingia ndani ya seli za mzizi, na wapo wanaouvika koti kwa nje. Mwaka 2016 Terrer na wenzake walikusanya majaribio ya kuongeza hewa ya kaboni. Miti yenye kuvu wa koti iliongeza uzito kwa karibu asilimia 30 hata nitrojeni ilipokuwa haba. Yenye kuvu wa ndani haikunufaika nitrojeni ilipokosekana. Na mwaka 2022 uchunguzi wa misitu ya Ulaya ulihusisha jamii za kuvu na tofauti za kasi ya ukuaji wa miti hadi mara tatu. Hakuna aliyehitaji mama wala mtoto kuyaeleza haya. Kama mnataka kanuni, anzeni na mbolea za nitrojeni na mashine nzito zinazoshindilia udongo, kwa sababu hizo huwadhuru kuvu moja kwa moja.

Mtetezi wa miti mikongwe

Mwalimu, hilo la udongo nakubaliana nawe. Lakini mti mkubwa ukiondoka, kuvu wanaoutegemea kwa sukari wataishi kwa nini? Mche utakaoota pale utawakuta wapi?

Mwanzisha mada

Sasa umefika ninapotaka tufike. Hiyo ni sababu ya kuacha miti mikubwa imesimama, nami nitaitetea mbele ya yeyote: mti ulio hai ni hifadhi ya mbegu ya kuvu kwa miche inayofuata. Andikeni kanuni hivyo. Msiandike kwamba unawanyonyesha.

Na nitageuka siku nitakayoonyeshwa jaribio la msitu uliokomaa: miche iliyozungushiwa wavu wa matundu yanayopitisha nyuzi lakini si mizizi, pembeni yake mingine yenye matundu madogo yasiyopitisha hata nyuzi, ikifuatiliwa kwa miaka, na kipimo kiwe urefu na unene wa mche wenyewe, si alama ya kaboni kwenye mizizi tu. Mtetezi, wewe ungekubali kushindwa kwa matokeo gani?