Furaha hupimwa kwa ngazi ya nani?

Mkazi wa Mbagala: Ndugu zangu, Finland imeongoza orodha ya furaha duniani kila mwaka tangu 2018, ilhali Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ikionekana karibu na mkia. Mimi ninayesikia vicheko vya majirani hadi usiku wa manane siliamini jambo hilo. Je, furaha hutokana na mali au na moyo? Kwa maoni yangu, mtu wa kijijini ana furaha kutuzidi sisi sote, kwani hana mengi ya kutamani.

Binti Newala: Hilo la mwisho limenichoma. Mama yangu amebangua korosho kwa mkono hadi mafuta ya maganda yakamla ngozi ya vidole. Alitamani bati, alitamani nisome sekondari, alitamani maji ya karibu, ambayo kule juu Makonde ni shida ya tangu enzi. Alichokosa ni mtu wa kumwuliza anatamani nini.

Karani Mstaafu: Tusahihishane kidogo. Orodha hiyo, iliyoanza kutolewa mwaka 2012, haipangwi kwa kuhesabu vicheko. Mhojiwa huambiwa afikirie ngazi ya kuanzia 0 hadi 10, juu kabisa yakiwa maisha bora anayoweza kuyapata, kisha aseme amesimama kipandio kipi. Neno furaha halimo katika swali hilo. Kwa hiyo mama huyo angeweza kucheka mchana kutwa, jioni akajibu kwamba yuko kipandio cha tatu, na asiwe amejipinga hata kidogo.

Mkazi wa Mbagala: Sikumtukana mama wa mtu, dada. Nilikusudia kukinai, ambako dini zetu zote zinakusifu. Tazama Bhutan: katiba yake ya 2008 inaitaka serikali iweke mazingira ya kuifikia furaha ya taifa, si pato peke yake.

Mzee Kobe: Bhutan hiyohiyo ambayo vijana wake wanamiminika Australia kutafuta kazi? Nimeishi miaka sabini na miwili, na sijapata kusikia tajiri akihubiriwa kukinai. Mahubiri hayo hupelekwa kwa aliyelala njaa, tena na mtu anayejichokonoa meno.

Mkazi wa Mbagala: Shikamoo mzee. Mimi nimepanga chumba kimoja, meno yangu hayana cha kuchokonolewa.

Mzee Kobe: Marahaba. Basi nawe ungana na mama wa Newala, mtamani pamoja.

Binti Newala: Jana nilimpigia simu nikamsomea swali la Karani. Kwanza aliuliza ngazi hiyo imeshikwa na nani huku chini. Nilipomjibu kwamba ni ya kufikirika tu, alinyamaza, kisha akasema yupo cha nne, na kwamba siku bomba likifika uani nimpigie tena.