Wa ghorofa ya chini alipe lifti? Tunaponunua fleti Nairobi tunaangalia nini?

Mleta hoja: Anayetafuta fleti Kilimani au Kileleshwa huuliza bei, vyumba na maegesho, basi. Ada ya huduma, yaani mchango wa kutunza jengo, humshtua akishahamia. Je, ni haki mwenye nyumba ya chini kuchangia lifti asiyoipanda?

Wakili: Haki au si haki, sheria imeshakata shauri. Chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020, kila nyumba ina kigawo chake, yaani fungu lake katika jengo zima, kwenye ramani ya sehemu, ule mchoro rasmi wa jengo na nyumba zake; na michango hufuata kigawo hicho. Lifti ni mali ya pamoja, sawa na paa. Mkimsamehe wa chini lifti, wa juu naye atadai asamehewe bustani. Omba kuiona ramani hiyo kabla ya kutoa arubuni. Na maegesho ambayo hayamo kwenye ramani wala mkataba ni maneno ya mdomo tu.

Dada Hesabu: Mfano wa bustani sikubali, wakili. Bustani haichomi dizeli kama jenereta ya lifti. Ila ugomvi mwingi huzaliwa na bajeti iliyorundikwa pamoja, bila kutenganisha fungu la kila mwezi na fungu la akiba. Ada ndogo kupita kiasi ndiyo ya kuogopa: kamba za lifti zikichakaa na akiba hakuna, mtachangishwa kwa mkupuo. Omba hesabu za miaka miwili, uone wangapi hawalipi.

Fundi Bomba: Mnagombania lifti, maji hamjayauliza! Jengo la nyumba 40, watu watatu kila nyumba, lita 100 kwa mtu: lita 12,000 kwa siku. Maji ya jiji huja kwa zamu. Zamu ikiruka, boza, lori la maji, la lita 10,000 halimalizi hata siku moja. Tangi la chini la kutosha siku tatu ni lita 36,000. Pungufu ya hapo, jiandae na ndoo.

Pampu ziwe mbili, zipokezane. Ikiwa ni moja, na swichi ya boya inayoizima maji yakiisha imekufa, tangi likikauka itazunguka bila maji mpaka sili inayozuia maji kuvuja iungue.

Ghorofa ya juu kabisa husifiwa kwa mandhari, kumbe ndiyo iliyo karibu mno na tangi la paa. Maji yakishuka mita 3 tu, presha ni kama baa 0.3. Kiwambo cha shawa ya umeme, utando unaosukumwa na maji ili uwashe swichi, huenda kisisukumwe vya kutosha, swichi isiguse, ukaoga baridi. Fungua shawa na bomba la jikoni kwa pamoja, usikilize ule mlio wa swichi, "tak". Usipousikia, uliza pampu ya kuongeza presha iko wapi.

Mleta hoja: Na kisima, fundi? Wauzaji wanakitangaza kama dhahabu.

Fundi Bomba: Dai majibu ya maabara. Visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi, nayo huyatia meno ya watoto madoa ya kahawia. Kuchemsha huizidisha, maana maji hupungua, floridi ikabaki. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Dada Hesabu: Kwa hiyo pampu hata wa chini alipe, kwa kuwa maji yake nayo hupanda paani kwanza. Hapo nimekubali. Dizeli ya lifti, bado.

Wakili: Kigawo, dada. Kigawo.