Naomba ushauri: bakuli la shaba na utulivu wa kila siku

Mkazi wa Kondele: Ndugu zangu, nafanya kazi ya zamu hospitalini hapa Kisumu, na nirudipo nyumbani kichwa huwa kimejaa makelele ya wodi na ya bodaboda. Dada yangu amenizawadia bakuli la shaba kutoka Nepal, lile linalogongwa kwa mchi mdogo wa mbao likatoa mlio mrefu. Nataka linisaidie kutuliza fikra kila siku, lakini nikizungusha mchi ukingoni linakwaruza tu. Isitoshe, mama anahofia kwamba ni chombo cha ibada ya dini nyingine. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Milimani: Dada, usianze na kuzungusha. Liweke kwenye kiganja kilichofunguliwa au kitambaa kilichokunjwa, kwa maana kidole kikigusa ubavu wake mlio hufa. Ligonge mara moja, taratibu, kisha usikilize hadi usisikie chochote. Zoezi lote limo katika kusikiliza huko: sauti nyembamba za juu hufifia kwanza, ukabaki mvumo mzito unaopanda na kushuka, kwa sababu bakuli lililofuliwa kwa nyundo haliwi duara kamili na hivyo hutoa sauti mbili zinazokaribiana sana, ambazo mara huongezeana nguvu na mara hupunguzana. Fikra zikikutoroka, zirejeshe kwenye mvumo bila kujilaumu. Mlio ukiisha, pumua mara tatu ndipo ugonge tena. Kuzungusha kutakuja baadaye. Shikilia mchi kwa uzito usiobadilika, uende polepole.

Msomaji wa Nakuru: Mama ana haki ya kuuliza, nawe umjibu kwa ukweli. Mahekalu ya Wabuddha nchini Japani hutumia mabakuli ya namna hii katika ibada, na wafuasi wa Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam aliyefariki mwaka wa 2022, husimamisha kazi na kuvuta pumzi kila kengele inapolia. Hata hivyo, mchanganyiko wa shaba na bati unaotengenezwa mabakuli haya ndio unaotumika kutengenezea kengele za makanisa pia. Aidha, mwaka wa 1979 mwanasayansi Mmarekani Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya utulivu wa fikra kwa wagonjwa katika hospitali ya chuo kikuu huko Massachusetts, bila kumtaka mtu abadili dini. Ninachokusihi ni kutowaamini wauzaji wanaodai kwamba mlio huo unaponya magonjwa.

Baba Manyatta: Kuta za vyumba vya kupanga ni nyembamba, kwa hivyo zungumza na majirani mapema, na usiligonge karibu na sikio. Jioni ambayo mvua inapiga mabati hutalisikia. Siku hiyo isikilize mvua yenyewe kwa namna ileile.

Mkazi wa Kondele: Nawashukuru sana. Je, kabla ya zamu ya usiku linafaa?

Mwalimu wa Milimani: Linafaa. Milio mitatu inatosha, kisha uende kazini.