Wahudumu wa wodi wakati wa mlipuko wa ugonjwa: wafundishwe kwa video na sauti au darasani?

Mlezi wa Wodi (Makete)

Habari za kazi, ndugu zangu. Nimepewa jukumu la kuandaa mafunzo ya wahudumu wa wodi katika hospitali yetu huku milimani, ili mlipuko mwingine ukitokea tusianze kutafutana wakati wagonjwa wameshafika getini. Mwaka 2020 tulionja hali hiyo: mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini tarehe 16 Machi, vyuo vikafungwa ndani ya siku chache na havikufunguliwa hadi tarehe 1 Juni, na ni katika miezi hiyo ambapo wodi zilihitaji watu zaidi. Baadaye homa ya virusi vya Marburg ilitangazwa Kagera, Machi 2023 na tena Januari 2025, kwa hiyo hatuwezi kusema mambo haya yamepita.

Ninaowazungumzia si wauguzi wenye leseni. Ni wale wanaoogesha wagonjwa, wanaowageuza kitandani, wanaotandika, wanaomwaga bedpani na kupiga deki, yaani watu wanaokaa karibu na mgonjwa kuliko daktari au muuguzi. Uongozi umeniwekea njia mbili mezani: video na rekodi za sauti za kusikiliza kwenye simu, au darasa la kawaida ukumbini, pamoja na mkufunzi kutoka Mbeya. Fedha iliyopo haitoshi kufanya zote mbili kwa ukamilifu. Naomba wenye uzoefu mnisaidie.

Mkufunzi (Mbeya mjini)

Ndugu Mlezi, pole na majukumu. Mimi ni mtu wa darasa na sitaficha upande wangu, ila naomba nieleze sababu kwa mfano mmoja, nao ni kuvua vifaa kinga. Kuvaa hakuna shida kubwa. Maambukizi yanapatikana wakati wa kuvua. Glavu hutangulia kwa kuwa ndizo zilizogusa uchafu, kisha gauni hushushwa kutoka mabegani huku likikunjwa ili upande mchafu ubaki ndani, mikono inatakaswa, miwani inashikwa kwa mkanda wa nyuma, na barakoa inatoka mwisho kabisa kwa kushika kamba zake bila kugusa sehemu ya mbele, halafu mikono inatakaswa tena. Mwanafunzi aliyetazama video anaweza kukutajia mpangilio huo bila kukosea hata hatua moja, lakini mfikie mwisho wa zamu, jasho likimwingia machoni, uone jinsi mkono unavyopanda usoni kabla ya wakati wake. Mwenyewe hajui kwamba amejigusa. Anayejua ni mtu aliyesimama mbele yake.

Darasani kwangu tunapaka glavu masizi yaliyochanganywa na mafuta kidogo, mwanafunzi anavua vifaa vyote, kisha tunamkagua shingoni, kwenye vifundo vya mikono na pembeni mwa masikio. Masizi hayadanganyi, na aliyeona alama nyeusi shingoni mwake hahitaji kuambiwa mara ya pili. Sijaona video inayoweza kumfanyia mtu hivyo.

Mwandaaji wa Vipindi (Iringa)

Heshima yako, Mkufunzi. Kuhusu kuvua sina ubishi. Lakini mada ni mafunzo wakati wa mlipuko, na wakati huo darasa lenyewe huwa hatari. Ukiwaweka watu thelathini ukumbini mwezi wa Juni, kwa baridi ya Makete, hakuna atakayekubali madirisha yafunguliwe. Mkufunzi naye huzunguka kutoka hospitali moja hadi nyingine, na wakati wa mlipuko yeye ndiye wa kwanza kuitwa wodini, hivyo darasa lililopangwa Jumatatu linaahirishwa mpaka lisahaulike.

Rekodi haiitwi wodini. Shirika la Afya Duniani lilikuwa na jukwaa la kozi za mtandaoni tangu mwaka 2017, na kozi yake ya kwanza kuhusu korona ilikuwa tayari Januari 2020, kabla nchi nyingi hazijapata hata mgonjwa mmoja. Kwa kasi hiyo darasa halifui dafu.

Ushauri wangu wa kiufundi ni mfupi. Msitegemee intaneti, kwa sababu mtandao wa huko mnaujua na bando ni gharama. Wekeni video kwenye memori kadi na kwenye flashi ya kuchomeka kwenye televisheni ya chumba cha mapumziko, na wenye simu za kitochi wapate sauti. Kila kipande kisizidi dakika 5. La muhimu zaidi, rekodini kwenye wodi yenu wenyewe, kwa kuwa video iliyopigwa katika hospitali ambayo bomba linafunguliwa kwa kiwiko haimsaidii mtu anayenawa kwenye ndoo ya koki.

Mhudumu (Kyela)

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ndiye mnayemjadili, kwa hiyo naomba niseme kidogo. Kipindupindu huku kwetu si habari ngeni, na jambo lililotusumbua katika mafunzo lilikuwa hesabu ya klorini. Darasani tuliandikiwa ubaoni asilimia 0.5 kwa ajili ya damu, matapishi na sakafu, na asilimia 0.05 kwa mikono, na wengi tuliomaliza darasa la saba tukanakili bila kuelewa, kwa sababu kuuliza mbele ya wauguzi kunatia aibu. Kilichotusaidia ni rekodi ya sauti ya sista mmoja aliyesema kwa utaratibu kwamba, ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, ili upate ile ya 0.5 unachukua kikombe kimoja cha dawa na vikombe sita vya maji. Nilirudia kuisikiliza mpaka ikaingia. Hata hivyo rekodi ilikuwa na upungufu wake: siku moja ililetwa klorini ya unga, ambayo ni kali mara nyingi zaidi ya ile ya chupa, na wapo waliotaka kupima kwa vikombe vilevile. Bahati nzuri muuguzi wa zamu alikuwepo akawazuia.

Jambo la pili ni malalamiko. Kuna mahali nilipofanya kazi ambapo video zilitumwa Jumapili, tukazifungua kwa bando letu, siku yetu ya mapumziko, na Jumatatu tukaambiwa tumeshafundishwa. Muda wa kutazama uhesabiwe kuwa ni muda wa kazi, vinginevyo watu watafungua video, wataiacha ijichezee, na wataendelea kupika.

Mnyakyusa wa Ughaibuni (Marekani)

Niongeze ya huku ninakofanya kazi, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kutokana na sheria ya mwaka 1987, msaidizi wa muuguzi katika nyumba hizi anatakiwa kupata mafunzo ya angalau saa 75, na kati ya hizo saa 16 ni za vitendo chini ya usimamizi. Machi 2020 serikali kuu ililegeza sharti hilo kwa sababu ya upungufu wa watu, na chama cha wenye nyumba za wazee kikatoa kozi ya mtandaoni ya saa 8 kwa wasaidizi wa muda. Ulegezaji huo ulikoma Juni 2022, na walioingia kwa njia hiyo wakapewa miezi minne kukamilisha mafunzo na mtihani.

Ninachotaka mkione ni kwamba saa zilipunguzwa lakini wajibu wa mwajiri kuhakikisha mtu anaiweza kazi haukuondolewa. Nilifanya kazi na baadhi ya waliopitia njia hiyo fupi. Walijua kwamba mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgandamizo. Mahali pa kuweka mkono wa pili, ili usimvute mzee kwa kwapa, walijifunzia kitandani kwa mgonjwa.

Mlezi wa Wodi (Makete)

Nimewaelewa, na nimeanza kuona mgawanyo. Maarifa, mpangilio wa hatua na vipimo vya klorini viende kwenye video na sauti, ndani ya saa za kazi, na kila aina ya klorini iwe na rekodi yake. Kuvua vifaa na kumgeuza mgonjwa vifanywe kwa vitendo wodini, watu wanne wanne, madirisha wazi hata kama ni baridi. Sasa Mkufunzi, wewe utaondoka. Usiku huku kuna muuguzi mmoja kwa wodi nzima. Nani atamtazama mhudumu akivua?

Mkufunzi (Mbeya mjini)

Mhudumu mwenzake. Wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, 2014 hadi 2016, vituo vya matibabu vilifuata utaratibu wa mtu kutovua peke yake. Mwenzake alisimama mbali kidogo akimsomea hatua moja baada ya nyingine, naye asiendelee mpaka ya awali iishe. Kusoma hatua kwa sauti hakuhitaji cheti, kunahitaji ujasiri wa kumwambia mtu mzima asimame, na ujasiri huo ndio nitakaoufundisha nikija. Kwa hiyo usiniandalie ukumbi. Niandalie kundi la zamu ya usiku kwanza, wakiwa wameshatazama video, pamoja na glavu za kutosha na masizi kutoka jikoni.