Giaboksi ya Premio imenigomea Mbande: niifungue au ninunue nyingine?

Mwl_Nzuguni

Wakuu, habari za jioni. Wa nyumbani, mbukwenyi.

Nina Premio, ile NZT240 yenye injini ya 1NZ, otomatiki. Niliinunua mkononi kwa mtu 2019 na haikuwahi kunilaza njiani hadi mwezi huu. Kazi yake ni kunitoa Nzuguni kunipeleka Chamwino kufundisha, Jumatatu mpaka Ijumaa, na Jumamosi shambani Kongwa.

Dalili zilianza kwa upole. Asubuhi nikitia D gari inakaa kimya, nahesabu moja, mbili, tatu, ndipo inaruka kama imepigwa teke kwa nyuma. Nikazoea. Binadamu anazoea kila kitu, hata mlango wa choo usiofunga. Baadaye ikaja nyingine: ikishapata moto, kutoka gia ya pili kwenda ya tatu mshale wa RPM unapanda mpaka 4 na gari haiongezi mwendo, injini inalia tu. Fundi wa mtaani akaniongezea haidroliki, yale mafuta ya giaboksi, nusu lita, akasema tatizo limeisha. Lilipumzika siku nne.

Sasa Jumamosi ya juzi, si hii iliyopita, narudi Kongwa na magunia matatu ya alizeti nyuma na mama mkwe mbele. Tumeikamata lami pale Mbande, hatujaenda mbali, nasikia harufu kama maharage yameshika chungu. Gari ikalegea. Natia D, injini inanguruma, gari haiendi. L, haiendi. Rivasi ndiyo ikakubali, tena kwa unyonge. Mama mkwe akaniuliza taratibu kama tutarudi Dodoma kinyumenyume.

Tukapata Canter ya vitunguu, dereva akatuvuta kwa kamba mpaka nyumbani kwa 70,000.

Nimeita mafundi wawili. Wa kwanza anataka kuishusha giaboksi, aifungue, abadilishe sahani za klachi na sili zote: 1,100,000, siku tano. Nilipomuuliza kuhusu garantii akacheka. Wa pili anasema hizi hazifunguliwi, zinabadilishwa. Ana ya mtumba, na kufunga jumla 1,350,000, garantii wiki mbili. Shemeji yangu anasema kuna mtu wa kuichukua ilivyo kwa milioni nne na nusu. Ikiwa nzima naamini haikosi tisa.

SACCOS wananipa milioni moja na nusu, mwisho hapo. Mkopo wa kausha damu siuchukui, nimeshaona ulivyomfanya jirani. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Mnyalukolo_85

Uza. Tafuta ya gia za mkono. Otomatiki waachie watu wa maofisi ya serikali kule Mtumba.

Mwl_Nzuguni

Mume wangu anasema hivyo hivyo. Leseni hana.

Fundi_wa_Kizota

Madam pole. Kabla hujampa mtu hata shilingi, nijibu. Ilipovutwa, magurudumu ya mbele yalikuwa chini? Halafu vuta stiki ya haidroliki, ifute kwa karatasi nyeupe, niambie rangi. Na injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta uchungulie. Baridi kabisa nimesema, ikiwa ya moto itakuunguza uso.

Mwl_Nzuguni

Nimechungulia leo alfajiri. Kwenye stiki nilitegemea nyekundu, au basi nyeusi. Nimekuta chai ya maziwa, ile ya hotelini yenye maziwa mengi kuliko majani, na vipovu. Kwenye rejeta kuna mafuta yanaelea juu ya maji. Nimechovya kidole kimetoka na utelezi wa rangi ya waridi.

Ilivutwa magurudumu yote manne chini, mimi kwenye usukani, nimeweka N. Nilidhani nafanya vizuri.

Na kwa kuwa najua utaniuliza: rejeta naijazia maji ya kisima chetu. Yana chumvi, birika letu la chai lina ukoko mweupe mnene kama ganda la yai. Kulanti, ile dawa ya rejeta, sijawahi kununua, nilidhani ni mambo ya nchi za baridi.

Fundi_wa_Kizota

Basi ugonjwa tumeupata, na mafundi wako wote wawili hawajauona, au wameuona wakanyamaza.

Rejeta ya gari ya otomatiki inapooza vitu viwili. Tangi lake la chini lina kipoozeo kidogo ndani. Haidroliki inatoka kwenye giaboksi ikiwa moto, inapita mle, inapoozwa na maji ya rejeta, inarudi. Kinachozitenganisha ni ukuta mwembamba wa chuma. Maji ya chumvi yameula huo ukuta mpaka ukatoboka. Maji yameingia kwenye giaboksi, haidroliki imeingia kwenye rejeta. Sasa zile sahani za klachi zimebandikwa kwa gundi kitu kama karatasi ngumu, ndicho kinachoshika. Kikilowa maji kinavimba, kinabanduka. Ule mshale kupanda bila gari kuvuta ni sahani zinateleza. Harufu ya maharage ni hizo hizo zinaungua.

Kuvutwa kumemalizia. Pampu ya kusukuma haidroliki inazungushwa na injini, si na magurudumu. Injini ikizimwa pampu imelala, lakini magurudumu ya mbele yakizunguka yanaendelea kuzungusha vyuma vya ndani, na hapo havipati mafuta. N haisaidii kitu. Siku nyingine ibebwe juu ya gari, au inyanyuliwe mbele.

Sasa swali lako. Mimi kufungua giaboksi ndiyo riziki yangu, lakini hii nisingeifungua kwa 1,100,000. Maji yakishaingia hubadilishi sahani mbili tatu, unabadilisha zote, na tokkonveta pia, ile inayounganisha injini na giaboksi, maana nayo ina klachi yake ndani na huwezi kuisafisha bila kuikata. Valvu bodi, inayogawa haidroliki kwa kila gia, ioshwe, na solenoidi zake, zile valvu ndogo za umeme, zipimwe. Ukijumlisha umeshaipita bei ya nyingine ya mtumba. Kwa hiyo badilisha. Lakini ukimruhusu mtu afunge giaboksi mpya kwako na rejeta ile ile, haitamaliza hata hiyo garantii ya wiki mbili.

Kibaigwa_Boy

Mkuu hapo juu kaongea vizuri, ila wasomaji wengine wasikimbilie kubadilisha. IST yangu ilikuwa na kale kakuchelewa kwenye D na kuruka. Kila fundi giaboksi, giaboksi. Mmoja akaipima kwa kompyuta, ikaonyesha solenoidi moja. Sampu, lile bakuli la chini ya giaboksi, ikafunguliwa, solenoidi ikabadilishwa, haidroliki mpya, chujio likaoshwa. 210,000 yote. Mwaka wa tatu huu inapanda Kolo na abiria wanne.

Fundi_wa_Kizota

Kweli kabisa, na ningekuwa na stiki nyekundu safi mkononi ningemwambia madam hivyo hivyo. Chai ya maziwa haina solenoidi.

Babu_Treni

Mwalimu, kama unabadilisha usinunue giaboksi usiyoiona. Mimi ya kwanza niliagiza kwa simu, ikaja na maunti, vile vishikio vya kuifungia kwenye gari, vya upande mwingine na soketi isiyoingia. Siku hizi treni ya SGR ipo, unatoka Dodoma alfajiri, unashinda Ilala, Dar, kwenye maduka ya spea, jioni umerudi, giaboksi inakufuata kwa lori.

Kabla hujaondoka fungua boneti, tafuta kibati cha chasisi. Kuna mstari umeandikwa TRANS/AXLE. Upige picha. Muuzaji akikwambia "1NZ zote sawa" mwonyeshe ile picha. Injini ile ile imefungwa kwenye gari nyingi, na giaboksi zake zinatofautiana.

Halafu mwambie afungue sampu mbele yako. Ndani kuna sumaku ndogo zimekaa chini. Ukikuta zimepakwa ute wa kijivu kama grisi, hiyo ni kawaida, ni uchakavu wa miaka. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, msalimie uondoke. Akikataa kufungua, ondoka bila kumsalimia.

Na ukishafungiwa, ile ya zamani ni mali yako. Beba.

Mwl_Nzuguni

Mrejesho, wakuu. Wiki tatu zimepita, nilikuwa na mitihani ya kusahihisha.

Nilikwenda Ilala na picha yangu ya kibati. Duka la kwanza kijana akaniita mama, akaniambia niamini tu. Nikamwomba afungue sampu, akasema gasketi itaharibika. Nikamwambia gasketi nitalipa mimi. Akasema bosi hayupo. La pili vivyo hivyo. La tatu mzee mmoja hakubishana, akachukua spana, akafungua nati moja moja, akaigeuza sampu juani. Sumaku zilikuwa na ute wa kijivu, nikausugua kati ya vidole, laini kama unga wa chaki. Haidroliki iliyobaki ilikuwa imefifia lakini nyekundu, na nilipoinusa haikuwa na ile harufu ya kuungua. Namba ikalingana. Alitaka 900,000, tukaelewana 780,000, garantii ya mwezi mmoja kwa maandishi.

Gharama nyingine ziko hivi: kuisafirisha 40,000, rejeta mpya 190,000, lita nane za haidroliki ya T-IV 144,000, kulanti 45,000, ufundi 180,000. Jumla 1,379,000 ukiacha nauli yangu. SACCOS imetosha na chenji ya kuku mmoja.

Fundi (si yule wa 1,100,000 wala yule wa 1,350,000) nilimsimamia kama msimamizi wa mtihani. Vibomba vya kupozea alivipuliza kwa upepo, akapitisha haidroliki safi mpaka ikatoka bila maziwa. Injini nayo aliisuuza mara nne kutoa mafuta kwenye njia za maji. Kilichonivutia ni tokkonveta. Aliisukuma ndani huku akiizungusha taratibu, ikasikika "tak", akaendelea, "tak" tena, ndipo akaridhika. Anasema wapo wanaofunga bolti ile ya pili haijalia, wakiwasha injini pampu inavunjika hapo hapo.

Gari inatembea. Nikitia D inaitikia kabla sijafika mbili. Asubuhi ikiwa baridi kuna kamshtuko kadogo kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili, kanapotea nikifika Ihumwa. Fundi anasema ni ya mtumba, nisitegemee bikira. Nakaandika kwenye daftari kila siku, kakikua kabla mwezi haujaisha namrudia mzee wa Ilala.

Ile ya zamani fundi alisema niiache tu, ni uchafu. Nikakumbuka maneno ya Babu Treni, nikamwambia huo uchafu naupakia. Iko nyumbani chini ya mwarobaini, na mnunuzi wa skrepa ameshapita mara mbili, ameanzia 20,000 amefika 35,000. Namsubiri apite tena.

Mama mkwe nimemwambia gari imepona. Amesema Jumamosi hii atakwenda Kongwa kwa basi, ya kwangu ataisikilizia kwanza.