Sindano ya mafua ni bure, ila homa ya kesho yake tunailipia wenyewe: malalamiko ya mhudumu wa wazee Uingereza

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na nawaomba hasa mnaofanya kazi katika makao ya wazee hapa Uingereza muusome wote kabla ya kunijibu, kwa sababu najua wapo watakaoliona neno chanjo na kukimbilia kunitumia video za watu wanaoanguka barabarani. Chanjo yenyewe siilalamikii. Ninachokilalamikia ni waajiri wetu, ambao kila vuli wanatuandama tuchanjwe, wanahesabu waliochanjwa na kubandika idadi ukutani karibu na mlango wa jikoni, kisha mfanyakazi anapopata homa ambayo karatasi yao wenyewe ilimwonya kwamba huenda ataipata, wanamwambia kwa macho makavu kwamba hayo ni ya kwake na mwili wake.

Mahali ninapofanya kazi sitapataja, kwa sababu riziki yangu bado iko hapo. Msimu wa vuli wa 2025 uongozi uliamua kumaliza chanjo zote kwa siku moja. Wazee walichomwa sindano mbili, ya mafua (yaani influenza) na ya korona, kwa kuwa wakazi wa makao ya wazee wamo katika kundi dogo ambalo bado linapewa ya korona, na sisi wahudumu tuliitwa mmoja mmoja kwenye chumba cha mapumziko kuchomwa ya mafua. Muuguzi aliyeletwa alikuwa mpole lakini ana haraka, na maswali ya fomu aliyauliza huku sindano ikiwa tayari mkononi: una mzio wowote, umewahi kuzirai ukichomwa sindano, unajisikia homa leo? Hakuuliza maswali ambayo kwa kazi yetu yangetangulia, yaani mkono upi unautumia zaidi na zamu yako inaisha saa ngapi. Nilichomwa mkono wa kulia kwa sababu tu ndio uliokuwa upande wake, nikarudi ghorofani kumgeuza kitandani mzee ambaye hata watu wawili wanamgeuza kwa shida.

Anayeifanya kazi hii ananielewa. Unapenyeza shuka la kutelezesha chini ya mgongo, unavuta, unamfunga mtu mikanda ya mashine ya kumnyanyulia, unaisukuma mashine juu ya zulia, na kila tendo kati ya hayo linaanzia begani. Jioni mkono wangu ulikuwa haupandi hata kuchana nywele. Usiku nikaanza kutetemeka baridi ndani ya mablanketi, kichwa kikigonga, viungo vikiuma vyote, hata kuguswa na shuka kukawa maumivu. Kulipokucha nilipiga simu kazini kama utaratibu unavyotaka, na msimamizi wa zamu akanijibu kwamba ni mkono tu unauma, nimeze panadoli mbili niende kazini, na kama siwezi basi nitafute mwenyewe wa kunishikia zamu. Mchana wake meneja akaniandikia ujumbe akitaka barua ya daktari.

Kabla sijaendelea, niseme la kitabibu, maana hapa tunadanganywa na pande zote mbili. Sindano ya mafua wanayochomwa watu wazima haina kirusi hai, kwa hiyo haiwezi kumpa mtu mafua, na wanaosambaza habari hiyo kwenye makundi yetu ya WhatsApp wanatuharibia hoja. Kinachotokea ni kinga ya mwili kuamshwa na kujifunza adui wake, na katika kuamka huko ndimo mnamotoka maumivu ya mkono, uchovu, kuumwa na kichwa na viungo, na kwa baadhi ya watu homa, mambo ambayo kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Asiyeona dalili yoyote naye amechanjika vilevile. Sababu ya kurudia kila mwaka inajulikana pia: kirusi cha mafua hubadilika na kinga hupungua, hivyo Shirika la Afya Duniani hupendekeza kila Februari aina za virusi zitakazowekwa kwenye chanjo ya nusu ya kaskazini ya dunia, na kila Septemba zile za nusu ya kusini. Kinga yenyewe huchukua takriban wiki mbili kukomaa, kwa hiyo mwenzetu aliyeugua mafua siku ya tatu akailaumu sindano, kuna uwezekano mkubwa aliyapata kwenye basi au kwa mwanawe aliyetoka shule.

Nayajua hayo, nayakubali, na nitaendelea kuchanjwa, kwa sababu miili ya wazee tunaowahudumia huitikia chanjo kwa unyonge na mafua huwamaliza. Lakini yule anayeniambia kwamba homa ile ni ishara ya kawaida ya chanjo kufanya kazi, amekwisha kukiri kwamba homa ile imo ndani ya chanjo. Na kama chanjo imo ndani ya kazi, nieleze kwa hesabu gani homa inabaki nje ya kazi.

Sasa tuje kwenye fedha. Kwa utaratibu uliokuwepo vuli ile ya 2025, malipo ya ugonjwa yanayolazimishwa na sheria hapa Uingereza yalikuwa pauni 118.75 kwa wiki, na yalianza kulipwa siku ya nne ya kazi uliyokosa, maana siku tatu za kwanza ziliitwa siku za kusubiri. Homa ya chanjo haifiki siku ya nne. Kwa hiyo mfanyakazi ambaye mkataba wake haukumpa malipo ya ziada, na wengi wetu tumo humo, alipolala siku moja au mbili kwa sababu ya sindano aliyochomwa kazini, kwa manufaa ya kazi, aliondoka na sifuri kamili. Aliyepata chini ya pauni 125 kwa wiki, mathalani wale wenye mikataba isiyo na saa za uhakika, hata hiyo siku ya nne haikumhusu. Siku za kusubiri zimeondolewa kuanzia Aprili 2026, na hilo ni jema, ila vuli ile na baridi yake vilikuwa vimeshapita na kodi ya nyumba imeshakuja mara kadhaa.

Sifuri hiyo ina nduguye. Makampuni mengi hupima utoro kwa kanuni inayoitwa ya Bradford, ambayo huchukua idadi ya mara ulizokosekana, ikaizidisha kwa yenyewe, kisha ikaizidisha kwa jumla ya siku. Mtu aliyelala siku kumi mfululizo anapata alama 10, kwa sababu ni mara moja tu. Mtu aliyekosa siku moja moja kwa nyakati tatu tofauti anapata alama 27. Kipimo hiki kinamwadhibu hasa mtu wa homa fupi, na homa ya chanjo ni fupi kwa asili yake. Mimi niliandikiwa kwamba nikikosekana tena kabla ya msimu kwisha ningeitwa kwenye kikao. Yaani walioniomba nichanjwe wameiweka chanjo hiyo hiyo kwenye jalada langu kama kosa. Kama hiyo si dharau, sijui dharau ni nini.

Wala wasituambie kwamba haiwezekani kufanya vinginevyo. Wakati wa korona, Acas, ambayo ni taasisi ya umma inayotoa ushauri wa masuala ya kazi, iliwashauri waajiri wafikirie kuwalipa mshahara wa kawaida wafanyakazi wanaoumwa kutokana na chanjo na kutoihesabu siku hiyo katika rekodi za utoro. Ulikuwa ushauri, si sheria, na waajiri wetu wanajua sana kutofautisha viwili hivyo pale inapowafaa. Sheria ilipowafaa waliishika kwa mikono miwili: kuanzia tarehe 11 Novemba 2021 hakuna mfanyakazi wa makao ya wazee nchini England aliyeruhusiwa kuingia kazini bila chanjo ya korona, isipokuwa wenye msamaha, na wapo Waswahili wenzetu waliopoteza kazi kabla amri hiyo haijafutwa tarehe 15 Machi 2022. Walioweza kupanga kumzuia mtu mlangoni kwa kukosa sindano wanashindwaje kupanga siku moja ya kumlipa aliyeipata?

Nirudi kidogo kwenye siku ile ya pili, maana niliyoyasikia kwa wenzangu waliokwenda kazini yamenikera kuliko hata mshahara. Wazee waliochomwa sindano mbili kwa pamoja waliamka wamelegea. Bibi mmoja ambaye kila asubuhi huidai chai yake kabla hujafungua pazia alikisukuma kikombe kikiwa kimejaa, na alipojaribu kwenda msalani peke yake miguu ikamkataa. Siku kama hiyo inahitaji watu wengi zaidi wa kunywesha maji, kupima homa na kusindikiza, lakini ratiba ya zamu ilikuwa ile ile, na baadhi ya waliopangwa walikuwa wagonjwa nyumbani au wagonjwa kazini. Kuwachanja wazee na wahudumu wao siku moja, halafu ukaiacha siku inayofuata bila mtu wa akiba, ni uzembe wa mipango ambao mtu yeyote aliyewahi kupanga zamu angeuona wiki mbili kabla.

Kwa wenzangu walio hapa kwa viza ya udhamini wa mwajiri, ambao ndio wanaokwenda kazini na homa bila kusema neno, naomba mjue mambo mawili. Malipo ya ugonjwa ya kisheria hayahesabiwi kuwa misaada ya umma, kwa hiyo kuyapokea hakuvunji masharti ya viza, hata kama mtu wa ofisini amekudokezea vinginevyo. Na kwa ugonjwa wa siku saba au pungufu mfanyakazi hujieleza mwenyewe. Barua ya daktari huanza kudaiwa baada ya hapo. Nilimjibu meneja hivyo hivyo kwa maandishi, na hajairudia hoja yake ya barua.

Kuhusu kukabiliana na dalili zenyewe, nasema kwa ufupi. Omba uchomwe mkono usioutegemea, ukiuchezesha taratibu baada ya hapo badala ya kuulaza. Panadoli imeze dalili zikija, hakuna haja ya kuiwahi. Kunywa maji ya kutosha. Midomo au uso ukivimba au pumzi ikibana muda mfupi baada ya sindano, hiyo ni dharura ya kupiga 999. Homa ikipita siku mbili au ikizidi kupanda piga 111, simu ya ushauri wa afya, kwa sababu huenda ni ugonjwa mwingine kabisa, na bega likiendelea kuuma kwa wiki kadhaa nenda kwa daktari, maana sindano ikichomwa juu mno inaweza kuumiza kiungo. Lolote lisilo la kawaida unaweza kuliripoti mwenyewe kwenye mfumo wa Kadi ya Njano wa mamlaka ya dawa, bila kupitia kwa mwajiri. Kuna ushauri mwingine ambao wengi mtaniandikia hapa chini, kwamba nichanjwe jioni ya mwisho kabla ya siku zangu za mapumziko. Naujua, unafaa, na ndio unaonitia hasira kuliko yote, kwa sababu maana yake ni kwamba siku niliyopewa kulala na kuwaona wanangu naitumia kuugua kwa niaba ya kampuni.

Nimeandika barua nikitaka siku ile ilipwe mshahara kamili, ifutwe kwenye hesabu ya utoro, na msimu ujao wahudumu wachanjwe kwa mafungu na kila fungu lipangiwe siku ya pili isiyo na zamu lakini yenye malipo. Bado sijajibiwa. Ninachokihitaji kwenu ni ushahidi: kama yupo hapa ambaye mwajiri wake hulipa siku ya homa ya chanjo, ninaomba aninukulie kifungu cha mkataba au sera kinachosema hivyo, bila kutaja jina la kampuni, niende nacho kwa uongozi.