Acheni kuuza kutu iliyopakwa rangi: Datsun 240Z zinauawa na mafundi wa puti

Wakuu, uzi huu nauandika nikiwa na hasira na sitazunguka.

Kila anayetaka kufufua Datsun 240Z, lile gari la michezo la milango miwili la Nissan, nyumbani kwa bajeti ya kuungaunga anapewa ushauri uleule: tafuta yenye bodi safi, injini utamalizia mwenyewe taratibu. Ushauri ni sahihi. Tatizo ni hao wanaouza hiyo "bodi safi". Rangi inang'aa, tairi zimepakwa polishi, ukifungua boneti kumeoshwa. Kwangua kizingiti cha mlango kwa chini: puti, ule ujazo wa kusawazisha bodi kabla ya rangi, unene wa kidole. Chini ya puti kuna bati la kuezekea nyumba lililopigwa riveti. Chini ya bati kuna kutu mbichi, ina unyevu, inaendelea kula. Halafu tangazo linasema gari "limefanyiwa ukarabati wote". Huko ni kufunika kombe mwanaharamu apite, na anayeumia ni mtu aliyedunduliza akiba yake kwa miaka.

Msinijibu kwamba gari la zamani lazima liwe na kutu. Hilo najua. 240Z ni za kuanzia 1969 hadi 1973, chuma chake ni chembamba na kinga ya kutu ya kiwandani ilikuwa haba. Ninacholalamikia ni kuificha kutu kisha kuitoza bei ya gari zima.

Na hapa kuna watu hawaelewi uzito wa jambo. Gari hili halina chasisi ya kujitegemea kama Hilux au Land Cruiser. Bodi ndiyo chasisi. Sakafu, vizingiti, handaki la giaboksi na reli za chini (mihimili ya chuma iliyo chini ya bodi) vinashikamana kubeba kila kitu. Ule mkono wa chini wa tairi la mbele unazuiwa na fimbo inayofungwa kwenye mabano ya reli, na ukikanyaga breki nguvu yote ya tairi inaishia hapo. Reli ikiwa ni puti na lami, tairi linarudi nyuma na usukani unakuvuta upande. Bodi hii ndiyo iliyoshinda Safari Rally 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Leo kuna magari ya aina hiyohiyo yasiyostahimili kuinuliwa kwa jeki!

Unayekwenda kukagua, beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, bisibisi bapa, tochi, jeki na lita mbili za maji. Usianzie kwenye injini. Anzia chini ya sinia la betri, kwa sababu asidi huchuruzika miaka na miaka hadi kwenye ukuta wa injini na reli iliyo chini yake. Nenda kwenye sehemu ya chini ya fenda za mbele, nyuma ya tairi, ambako tope na majani hujazana. Kisha vizingiti, kile kipande kifupi kilicho mbele ya tairi la nyuma, matao ya tairi za nyuma ambako mabati mawili yamelaliana, shimo la tairi la akiba, na bati lililo chini ya mlango wa buti. Pitisha sumaku polepole. Kwenye chuma itavuta, kwenye puti nene itateleza na kudondoka.

Mwambie muuzaji anyanyue zulia. Akikataa, ondoka. Chini ya zulia kuna mkeka wa lami wa kuzuia kelele, na ukishapasuka unashikilia maji juu ya sakafu. Gonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa mlio mfu. Ingia chini ukague reli mbili zinazopita chini ya sakafu, maana hizo ndizo zinazofichwa kwa lami mpya nyeusi. Lami mpya kwenye gari la miaka hamsini ina sababu yake.

Mimina yale maji kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, kwenye waipa. Yanatakiwa kutoka haraka nyuma ya fenda, pande zote mbili. Yakidondokea miguuni mwa dereva, njia ya maji imeziba au imeoza, na kuirekebisha hapo ni kazi kubwa kwa sababu hakufikiki bila kukata.

Mwisho, fungua na kufunga milango gari likiwa chini, kisha piga jeki karibu na katikati ya gari, kwenye sehemu ngumu, upande mmoja, ufunge tena. Mlango ukianza kukwama au uwazi wa juu ukibadilika, bodi inajikunja. Gari hilo halina bei ya gari, lina bei ya skrepa na spea zake.

Sasa nyie mafundi bodi. Nani aliwafundisha kuziba kizingiti kwa bati la kuezekea? Bati la geji 28 ni kama milimita 0.4, na la geji 30 ni jembamba zaidi. Bodi ya gari hili inataka karatasi ya chuma ya milimita 0.8 hadi 1.0 kwa paneli za nje, na reli zinataka 1.2 hadi 1.5. Tena bati la kuezekea lina zinki, ukilichomelea moshi wake unaleta homa, na mchomeleo wenyewe unatoka na vitundu. Chuma cheusi cha kipimo sahihi kinauzwa kwenye maduka ya vyuma, na sakafu zote mbili, ya kushoto na ya kulia, zinaingia kwenye karatasi moja ya futi nne kwa nane, na chenji inabaki. Kwamba ni ghali si kweli. Ni uvivu.

Mashine ya kuchomelea kwa fimbo kwenye bati la 0.8 inatoboa, kisha fundi anafukuzana na tundu hadi linakuwa sahani. Gesi ya asetilini inapasha eneo kubwa mno na paneli inajikunja. Tumia MIG, mashine inayochomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe, yenye waya wa milimita 0.6 na gesi mchanganyiko, agoni yenye kaboni dayoksaidi asilimia 20 hadi 25. Kama huna mashine, kodi kwa siku, au kata na pima kila kitu nyumbani kisha mlete fundi mwenye mashine achomelee tu. Hapo ndipo mtu wa bajeti anapookoa hela.

Utaratibu ni huu, na hauna njia ya mkato. Kabla ya kukata chochote, chomelea skwea paipu ya 25 kwa 25 kukatiza uwazi wa kila mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, kisha nyingine ya kuunganisha pande mbili ndani. Gari likae kwenye stendi nne zilizosawazishwa, si kwenye matofali. Kata upande mmoja, umalize, ndipo ugeukie wa pili. Ukikata vizingiti vyote viwili kwa mpigo bodi inalegea katikati na milango haitafunga tena, hata ungeita nani. Kata kutu hadi ufike kwenye chuma cheupe, ongeza sentimita mbili. Kiraka kiwe na pembe za mviringo. Piga pointi moja, ruka sentimita kumi na tano, piga nyingine, rudi katikati, hadi pointi ziwe umbali wa sentimita mbili na nusu, kisha ujaze taratibu ukiacha kipande kipoe chenyewe. Ukimwagia maji ili uwahi, chuma kinajikunja na mchomeleo unakuwa mkavu, unapasuka.

Sehemu zinazolaliana zipakwe praima ya zinki ya kuchomelea kabla ya kufungwa. Ndani ya kizingiti, baada ya kazi, puliza nta ya kuzuia kutu. Na yale matundu ya kutolea maji chini ya vizingiti, KWA NINI MNAYAZIBA? Kiwanda hakikuyasahau. Mkiyaziba kwa puti, kizingiti kinajaa maji na kinaoza kutokea ndani.

Puti yenyewe sina ugomvi nayo. Inaruhusiwa juu ya chuma kizima, unene usizidi milimita 3, kwa ajili ya kulainisha. Kwa gramu 100 weka gramu 2 za kikaushio. Mnaozidisha ili ikauke haraka mmalize kazi tatu kwa siku, kikaushio kilichobaki kinapenya na kuacha madoa kwenye rangi. Halafu puti inanyonya unyevu: gari linapigwa msasa leo, linalala nje bila praima, linanyeshewa, kesho linapuliziwa rangi. Baada ya miezi linatoa malengelenge, na fundi anasingizia rangi feki.

Wauza spea nao wana lao. Ni kweli kwamba kalipa (vibanio vya diski ya breki) za pistoni nne za Hilux zinaingia kwenye 240Z na zinasaidia breki. Ila si za Hilux yoyote. Ni za ile ya 4x4 ya 1979 hadi 1985, zenye alama S12+8 iliyosubiwa kwenye chuma, zinazofanya kazi na diski ya kawaida isiyo na matundu ya hewa. S12W ni ya diski nene, ukiifunga kwenye diski ya Datsun pistoni zinatoka kupita kiasi. Lazima pia bati la kukinga vumbi likatwe au likunjwe, paipu ya breki ipindwe upya, na uhakikishe rimu ya inchi 14 haigusi kalipa. Masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, ya asili ni ya inchi 7/8, na kwa kalipa hizi pedali inazama zaidi. Ndiyo maana wengi huweka ya 15/16. Muuzaji anayekupa kalipa bila kukuuliza diski yako, mrudishie.

Mafundi injini, msijifiche. L24, ile injini ya silinda sita ya 240Z, ni injini ngumu, lakini mnaiharibu kwa kazi ya gasketi tu. Kabla ya kufungua gia ya kemshafti lazima uchomeke kabari ya mbao kati ya cheni, ndefu kama sentimita 30, iliyofungwa kamba juu. Usipoiweka, kikaza cheni kinachomoka na kudondoka ndani, na kukirudisha ni mpaka kava la mbele lote litoke, pamoja na gasketi yake na ya sampu. Silinda namba moja iwe juu kabisa, paka alama ya rangi nyeupe kwenye cheni na kwenye gia, na gia irudi kwenye tundu lilelile kati ya matatu iliyokuwa nalo. Uwazi wa tapeti, injini ikiwa moto, ni milimita 0.25 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa za kutoa. Mpangilio wa moto, yaani zamu ya silinda kuwaka, ni 1-5-3-6-2-4. Na acheni kuzitupa kabureta za Hitachi na kuuza Weber kwa mtu ambaye kabureta zake zinakosa tu oili ya SAE 20 kwenye dampa na kusawazishwa.

Umeme niseme kifupi. Umeme wa taa kubwa unapita kwenye sanduku la fyuzi na kwenye swichi ya usukani bila rilei (swichi ya umeme inayobeba mkondo mkubwa), ndiyo maana fyuzi zinayeyusha plastiki. Rilei mbili za ampea 30 na waya mnene kutoka betri, zenye fyuzi zake karibu na betri, zinaokoa swichi. Anayekufungia alteneta kubwa bila kuangalia mita ya ampea ya dashibodi anakutafutia moto, kwa sababu chaji yote inapitia humo.

NYONGEZA: Mdau aliyesema niache kuwasema mafundi kwa sababu faibaglasi ni rahisi na inadumu. Mkuu, faibaglasi juu ya tundu la kutu haibebi mzigo wowote. Inashika pembeni tu, unyevu unaingia nyuma yake, na ukijaribu kuchomelea baadaye resini inawaka. Kwa reli na vizingiti, hapana kabisa.

NYONGEZA ya pili, kwa aliyeuliza aanze na nini akiwa na hela kidogo. Chuma kwanza: reli, vizingiti, sakafu. Kisha breki na mafuta, yaani masta silinda, wili silinda, mipira yote, tangi kusafishwa ndani. Kisha umeme. Injini ikiwaka na haitoi moshi wa bluu, iache ilivyo. Rangi ni ya mwisho kabisa, gari linaweza kutembea na praima ya epoksi mwaka mzima bila dhambi. Vipande vidogo vya chuma visafishe kwa umeme: ndoo ya plastiki, maji lita nne, kijiko kikubwa cha sodiamu kaboneti, ile magadi ya kufulia. Chaja ya volti 12, hasi kwenye kipande chako, chanya kwenye chuma kikuukuu. Usitumie chuma cha pua upande wa chanya, kinatoa sumu. Fanyia nje, maana inatoa gesi inayolipuka. Kabureta na vitu vya alumini usiviweke humo, vitaliwa.

Na pini ndefu za mikono ya tairi za nyuma, kabla hujazigonga kwa nyundo, toa kwanza kipini cha kufungia kilicho katikati. Karibu wote wanakisahau, wanaponda nyuzi, kisha pini haitoki tena hadi ikatwe pande zote mbili kwa msumeno.

Mnaouza: pigeni picha chuma kikiwa uchi kabla ya praima, kila upande, mchomeleo uonekane, mumpe mnunuzi pamoja na kadi ya gari. Mnunuzi, asiye na picha hizo mpe bei ya bodi iliyooza.